Je, Wajua? Mizizi, Mbegu na Homoni za Mwanamke

Je, wajua kwamba mwili wa binadamu una homoni zaidi ya 50? Chupa inayouzwa sokoni kwa maneno "hurekebisha homoni za kike" haisemi ni ipi kati ya hizo. Ya kupevusha yai? Ya maziwa? Ya tezi ya shingo? Ya sukari? Mwanamke aliyekosa hedhi kwa sababu tezi ya shingo imelegea, na mwenzake aliyeikosa kwa sababu mayai hayapevuki, wana shida mbili tofauti, na mzizi mmoja hauwezi kuwatosha wote wawili. Ndiyo maana leo kila mmea tutauuliza: unagusa homoni gani, kwa kipimo gani, na ulishindanishwa na nini?

Wajua kwamba tangawizi imewekwa mizani moja na vidonge vya hospitali na haikupungua? Mwaka 2009 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wanafunzi wa kike 150 waliokuwa wakiteswa na maumivu ya hedhi. Kundi la kwanza lilipewa unga wa tangawizi, miligramu 250 mara 4 kwa siku, kwa siku 3 tangu hedhi ilipoanza. La pili lilipewa asidi ya mefenamiki, la tatu ibuprofeni. Maumivu yalipungua karibu sawasawa katika makundi yote matatu. Sababu yake inaeleweka. Siku za hedhi, utando wa kizazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoifanya misuli ya kizazi ijikaze mpaka mtu ajikunje kitandani. Ibuprofeni huzibana zisitengenezwe, na viambato vya tangawizi vinaelekea kufanya vivyo hivyo. Kipimo nacho si kikubwa: gramu 1 kwa siku, kama nusu kijiko cha chai cha unga. Bibi aliyemchemshia mjukuu wake tangawizi alikuwa na hoja. Ila tangawizi hapo haikugusa homoni za mifuko ya mayai, ilituliza maumivu tu. Kazi hiyo inatosha, haina haja ya kuongezewa sifa.

Wajua kwamba nanaa, ileile ya kwenye chai, hushusha homoni ya kiume katika damu ya mwanamke? Mwaka 2007 madaktari wa Uturuki waliwapa chai ya nanaa wanawake 21 waliokuwa wakiota ndevu na nywele za kifuani. Kwa siku 5 tu, testosteroni huru katika damu yao ilishuka. Mwaka 2010 jaribio la Uingereza likaenda mbele zaidi: wanawake 42 wenye tatizo la mayai kutopevuka, lijulikanalo kwa kifupi PCOS, wakanywa vikombe 2 kwa siku kwa siku 30, nusu yao nanaa, nusu chai nyingine ya majani. Waliokunywa nanaa testosteroni yao ilishuka, na wenyewe walisema nywele zimepungua. Lakini daktari alipozipima kwa kipimo chake, hakuona tofauti. Siku 30 ni chache kwa nywele, kwa kuwa shina la unywele huchukua miezi kubadilika. Kwangu hii ni dalili njema iliyoachwa njiani, na ninatamani chuo kimoja cha pwani yetu, ambako nanaa haikosekani jikoni, kiichukue na kuifuatilia kwa mwaka mzima.

PCOS yenyewe humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Ilielezwa na madaktari Stein na Leventhal wa Chicago mwaka 1935.

Mdalasini je? Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilitoa mwaka 2014 matokeo ya jaribio dogo la wanawake 45 wenye PCOS. Gramu 1.5 za mdalasini kwa siku, kwa miezi 6, ziliwafanya wapate hedhi mara nyingi zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Waliofika mwisho wa jaribio walikuwa 17 tu, kwa hiyo tusilipigie ngoma. Na ujue kuna mdalasini wa aina mbili sokoni. Ule unaolimwa Unguja na Pemba ni wa jamii ya Ceylon. Ule mwingine, kasia, una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini ikitumiwa kwa wingi kila siku. Ukinunua unga, huwezi kuutambua kwa macho. Nunua magome: ya Ceylon ni membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka, ya kasia ni mazito yenye tabaka moja.

Wajua kwamba dawa ambayo hospitali nyingi huwapa wenye PCOS ilianzia kwenye jani la porini? Ulaya ya zamani ilikuwa na mmea uitwao Galega officinalis, ambao waganga wa vijijini waliwapa watu wenye kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, dalili tunazozijua leo kuwa za kisukari. Mmea wenyewe una sumu, na kondoo waliokula mwingi walikufa. Wanakemia wakachunguza kiambato chake, wakajua kinashusha sukari, wakajua pia kinaua. Mwaka 1922, huko Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza kemikali ya ukoo huo iliyo salama zaidi: metformini. Mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza kuwa inatibu kisukari cha binadamu. Mwaka 1994 watafiti wa Venezuela waliwapa dawa hiyo wanawake wenye PCOS, na baadhi yao hedhi zikarudi, kwa sababu katika ugonjwa huu insulini ikizidi huisukuma mifuko ya mayai kutoa testosteroni nyingi. Kutoka jani la mganga hadi kidonge cha mwanamke asiyepata hedhi, safari ilipita miaka mingi, na katika kila kituo kuna mtu aliyeondoa sumu na kupima upya. Sehemu hiyo ya safari ndiyo inayokosekana kwenye chupa nyingi za mitaani.

Wajua kwamba vidonge vya kwanza vya uzazi wa mpango vilizaliwa na kiazi kikuu? Miaka ya 1930 projesteroni ilikuwa ghali kupita kiasi, ikikamuliwa kutoka kwenye viungo vya wanyama. Mkemia Mmarekani Russell Marker alijua kwamba viazi vikuu vya porini vina kiambato kiitwacho diosijenini, ambacho umbo lake linakaribiana na homoni hizo. Mwaka 1942 alikwenda Veracruz, Mexico, akatafuta aina ambayo wenyeji waliiita cabeza de negro, akaigeuza diosijenini yake kuwa projesteroni kwa njia aliyokwisha kuibuni. Kisha alitengeneza takriban kilo 3 za homoni hiyo, shehena ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuiona. Mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex, na ndani ya maabara ya kampuni hiyo, tarehe 15 Oktoba 1951, kijana wa Mexico Luis Miramontes, akiongozwa na Carl Djerassi na George Rosenkranz, alikamilisha norethisteroni. Dawa hiyo ingali kwenye maduka yetu ya dawa. Mama anayepewa vidonge vya kuzuia damu ya hedhi inayomwagika kupita kiasi, mara nyingi hivyo ndivyo anavyopewa.

Na hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Aliyeigeuza diosijenini kuwa homoni ni Marker, kwa asidi, moto na hatua kadhaa za maabara. Mwili wa mwanamke hauna kimeng'enya cha kuifanya kazi hiyo. Ule viazi vikuu gunia zima, hutapata projesteroni hata chembe. Mafuta ya kupaka ya viazi vya porini huuzwa kama "projesteroni ya asili", lakini jaribio la Australia la mwaka 2001, kwa wanawake 23 waliokuwa wakisumbuliwa na joto la ghafla la kukoma hedhi, halikuona tofauti ya maana kati ya mafuta hayo na mafuta matupu.

Uwatu nao una diosijenini. Kwa hiyo ukisikia kwamba uwatu "una homoni ya kike ndani yake", kataa. Lakini usiutupe. Kuanzia Lamu hadi Muscat, mzazi aliyejifungua hupewa uwatu ili apate maziwa, na hapo kuna ushahidi wa kiasi. Uturuki mwaka 2011 ililinganisha akina mama 66: siku ya 3 baada ya kujifungua, waliokunywa chai yenye uwatu walikamua wastani wa mililita 73 za maziwa, waliokunywa chai nyingine mililita 39, na wasiopewa chai mililita 31. Kasoro yake ni kwamba chai ile ilikuwa na mimea mingine pia, na mapitio makubwa ya utafiti yaliyofanywa baadaye yanasema uhakika bado ni mdogo. Jambo lisilo na shaka ni hili: homoni ya maziwa, prolaktini, huitwa na mdomo wa mtoto. Kila anaponyonya, ubongo wa mama huitoa. Kwa hiyo uji wa pilipili manga wa Pwani na mtori wa Kilimanjaro vina thamani kubwa ya kumpa mama maji, nguvu na watu wa kumhudumia, naye akapata nafasi ya kumnyonyesha mwanawe usiku na mchana.

Wajua kwamba uwatu hunukia mpaka kwenye mkojo? Kemikali iitwayo sotoloni hupita mwilini na kutoka kwenye jasho na mkojo ikiwa na harufu tamu ya sharubati. Kuna watoto wachanga waliodhaniwa kuwa na ugonjwa mbaya wa kurithi ambao mkojo wake hunuka hivyohivyo, kumbe mama alikunywa uwatu kabla ya kujifungua. Mwambie mkunga ulichokunywa. Mjamzito asiutumie kama dawa, na mwenye kisukari anayetumia vidonge ajue kwamba uwatu pia hushusha sukari.

Sasa twende Congo, kwenye kisa ambacho kingepaswa kufundishwa katika kila shule ya ukunga Afrika.

Miaka ya 1960, wakati wa machafuko, daktari wa Norway Lorents Gran alikuwa na kikosi cha matibabu cha Msalaba Mwekundu huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga. Aliona wajawazito wakinywa maji yaliyochemshwa na mmea walioujua kwa jina la kalata-kalata ili uchungu uharakike. Gran alibeba mmea, kitaalamu Oldenlandia affinis, akaenda nao maabara. Misuli ya kizazi cha wanyama ilijikaza kweli. Kilichofanya kazi kilikuwa protini ndogo sana, na hilo liliwashangaza wataalamu, kwa kuwa protini huharibika kwa kuchemshwa na humeng'enywa tumboni. Oksitosini, homoni ya uchungu ambayo wauguzi huiweka kwenye dripu, ukiinywa haifiki popote. Hii ya kalata-kalata ilichemshwa jikoni, ikanywewa, ikabaki nzima. Jibu lilipatikana mwaka 1995: amino asidi zake 29 zimeungana mwanzo na mwisho zikafanya duara, kisha zikafungwa kwa vifundo 3 ndani yake. Haina ncha ya kung'atwa na vimeng'enya. Leo kuna tawi zima la sayansi linalochunguza protini za namna hiyo, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mojawapo hushika mlango uleule wa seli unaoshikwa na oksitosini. Wanawake wa Kasai ndio walioijua kwanza, na majina yao hayamo katika vitabu. Hilo linanisikitisha kila ninapolisoma.

Je, basi mjamzito anywe? Hapana. Dripu ya oksitosini huhesabiwa tone kwa tone, na mtu anakaa hapo kupima mapigo ya moyo wa mtoto. Bakuli la mitishamba halihesabiki, na likishanywewa halirudi. Kizazi kikikazwa kupita kiasi mtoto hukosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kupasuka, hasa kwa aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Nchi za Magharibi zilipitia msiba huohuo: mwaka 1808 daktari Mmarekani John Stearns alisifu unga wa kuvu ya ngano nyeusi kwa kuharakisha uchungu, na miaka ya 1820 wenzake wa New York walikuwa tayari wanaonya kwamba unaua watoto tumboni. Kuvu hiyo ndiyo iliyozaa ergometrini, ambayo imeokoa akina mama wengi wanaotokwa na damu baada ya kujifungua. Kipimo na wakati ndivyo vilivyobadilika.

Wajua kwamba kidonge kitupu hupunguza joto la ghafla la kukoma hedhi kwa zaidi ya nusu? Mapitio ya mwaka 2004 yaliyokusanya majaribio mengi yaliona kwamba wanawake waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote walipata nafuu ya asilimia 57.7. Hawakudanganya, wala hawakuwa wanyonge wa akili. Joto hilo huja na kupungua lenyewe, na mtu huanza dawa siku likiwa limezidi, kwa hiyo wiki zinazofuata huwa afadhali hata asingetumia kitu. Soma tena takwimu hiyo kabla ya kusadiki shuhuda za "nimetumia chupa 3 nikapona". Shuhuda ni ya kweli. Swali ni kama chupa ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa kigezo hicho mimea mingi maarufu imeanguka. Dong quai, mzizi unaosifiwa sana nchini China, ulipimwa California mwaka 1997 kwa wanawake 71 kwa wiki 24. Haukushinda kidonge kitupu. Koshi nyeusi ya Amerika Kaskazini ilichambuliwa mwaka 2012 katika majaribio 16 yenye wanawake 2,027, na ushahidi haukutosha.

Na mingine imesimama. Wajua mifuu, au mifudu, ile miti ya porini ambayo watoto wa Kilifi hula matunda yake meusi? Ndugu yao wa nchi za Mediterania, mti wa Vitex agnus-castus, ulipimwa Ujerumani kwa wanawake 170 wanaosumbuliwa na hasira, maumivu ya matiti na kuvimba tumbo kabla ya hedhi. Baada ya mizunguko 3, asilimia 52 ya waliotumia tunda lake walipata nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 24 ya waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Hushusha prolaktini kupitia ubongo. Undugu wa miti, hata hivyo, hautoshi kusema fudu zetu zinafanya hivyo.

Soya? Viambato vyake hupunguza idadi ya vipindi vya joto la ghafla kwa karibu asilimia 20 zaidi ya kidonge kitupu. Si haba.

Lakini viambato vya ukoo huo vina upande mwingine: kondoo wa magharibi mwa Australia walishindwa kushika mimba miaka ya 1940 kwa sababu ya malisho ya klova yenye estrojeni za mimea. Walikula hayo kutwa, msimu mzima. Anayesema "ni mmea tu, hauna madhara" akumbuke kondoo hao.

Wajua kwamba chai ya kijani imejaribiwa kwa uvimbe wa kizazi? Wanawake 39 waliandikishwa, na 33 walimaliza. Kwa miezi 4, waliomeza dondoo ya chai hiyo, miligramu 800 kwa siku, uvimbe wao ulipungua kwa asilimia 32.6, huku wa wenzao ukikua kwa asilimia 24.3. Jaribio lilichapishwa mwaka 2013. Ni habari njema kwa wanawake weusi, ambao uvimbe huu huwaandama zaidi, lakini ilikuwa dondoo iliyokolezwa na si kikombe cha chai, na dondoo za namna hiyo zimewahi kuumiza ini za baadhi ya watu. Atakayejaribu apimwe ini.

Wajua kwamba mtishamba unaweza kukupa mimba usiyoitaka? Hypericum perforatum, unaouzwa kwa vidonge kama dawa ya huzuni, huamsha vimeng'enya vya ini vikaharakisha kuvunja homoni za uzazi wa mpango. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaonya wanawake wenye vipandikizi wasiutumie. Mwenye kijiti mkononi amwonyeshe muuguzi kila anachomeza.

Papai bivu halimdhuru mjamzito kwa ushahidi uliopo. Utomvu wa papai bichi ndio uliokaza vizazi vya panya maabara. Na mbegu za mwarobaini, kwa panya na nyani, zimezuia na kukatisha mimba, kwa hiyo mwanamke anayetafuta mtoto asizifanye kinywaji cha kila siku.

"Kusafisha kizazi" je? Kizazi hakina taka. Hubandua utando wake kila mwezi na kujenga mwingine. Mitishamba inayoingizwa ukeni huchubua ngozi laini na kuua bakteria wema wanaolinda mahali pale, na hufungulia mlango maambukizi. Katika haya yote, hili ndilo ningependa likomeshwe kwanza.

Na kile tunachokiita chango la uzazi kinaweza kuwa uvimbe, maambukizi ya mirija, au utando wa kizazi kuota nje ya kizazi, hali inayompata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa duniani. Hayo hayatofautishwi kwa kubonyeza tumbo. Yanahitaji vipimo.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Mwulize muuzaji namba ya usajili. Mganga mwenye kazi ya kweli hatakasirika.

Ukitumia mitishamba, beba ulichotumia uende nacho kliniki, na usimfiche mtu anayekutibu. Hedhi ikikosekana miezi 3 bila mimba, pima homoni kwanza ndipo utafute dawa. Na aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima akiona damu, hata tone moja, asichemshe kitu chochote. Aende hospitali wiki hiyohiyo, kwa sababu damu hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani, na saratani ya kizazi ikiwahiwa hutibika.